Namna ya Kufuatilia Safari ya Nitrojeni katika Mche Mchanga wa Maharage

Mbegu ya maharage huota ikiwa na akiba yake ya nitrojeni, ambayo sehemu kubwa imo ndani ya kotiledoni, yaani zile nusu mbili nene za mbegu, katika umbo la protini ziitwazo globulini. Ili kuona akiba hiyo inavyotumika, tafuta mbegu zinazolingana kwa ukubwa, mchanga uliooshwa na kuchemshwa ili usibaki na mbolea wala bakteria wa rizobia (wanaoishi kwenye mizizi ya jamii ya kunde na kuipatia nitrojeni kutoka hewani), na maji yaliyokenekwa.

Loweka mbegu kwa saa 8 hivi, si zaidi sana, kwa kuwa zikikaa majini muda mrefu hukosa hewa na kuvujisha sukari na asidi amino. Zipande katika makundi matatu. La kwanza liache lilivyo. La pili likate kotiledoni mara tu zinapotokeza juu ya mchanga. La tatu likate wiki moja baadaye. Miche ya kundi la pili itadumaa waziwazi, ilhali ya kundi la tatu itaathirika kidogo, kwa sababu kufikia wakati huo sehemu kubwa ya akiba imekwisha kuhamishwa. Usikimbilie kusema kwamba ni nitrojeni peke yake iliyokosekana, maana kotiledoni zina wanga pia; mwagilia nusu ya kundi la pili maji yenye nitrati kidogo (chumvi yenye nitrojeni), kisha linganisha ukijani wa majani.

Kinachotendeka ndani ni kwamba vimeng'enya huvunja protini kuwa asidi amino, na sehemu ya nitrojeni yake huundwa upya kuwa asparajini na glutamini, ambazo husafiri kupitia floemu (mirija ya mmea inayosafirisha chakula) hadi kwenye ncha za mizizi na machipukizi. Asparajini hubeba atomu 2 za nitrojeni kwa atomu 4 tu za kaboni, hivyo mche husafirisha nitrojeni nyingi bila kutumia kaboni nyingi. Mche uliowekwa gizani huishiwa sukari, huchoma asidi amino ili kupata nishati, na asparajini hulundikana.

Kwa uthibitisho, saga jozi moja ya kotiledoni kila baada ya siku tatu katika kiasi kilekile cha maji yenye chumvi kidogo (globulini haziyeyuki vizuri katika maji matupu), chuja, kisha ongeza hidroksidi ya sodiamu, ambayo huunguza ngozi, na matone ya salfeti ya shaba. Rangi ya zambarau itafifia kadiri protini inavyopungua.

Akiba ikiisha, majani yatakuwa manjano, kwani katika mchanga uliochemshwa, usio na rizobia, mizizi haiundi vinundu, yaani vile vivimbe ambamo bakteria hao hunasa nitrojeni ya hewa. Ukitaka kuendelea, tia rizobia wanaofaa maharage tangu siku ya kupanda, na usizidishe nitrati, kwa maana huzuia vinundu kuundwa. Vinundu vikianza kazi, nitrojeni itapanda kupitia zailemu (mirija inayopandisha maji kutoka mizizini), hasa katika umbo la alantoini na asidi ya alantoiki, ambazo ni misombo yenye nitrojeni.