Supinesheni na pronesheni: jifunze kwa mkono wako mwenyewe

Wanafunzi wa fiziotherapia wanaokuja kwangu hapa Moshi kwa mafunzo ya vitendo huyakariri maneno haya mawili ya kugeuza kiganja juu na chini jioni, asubuhi wameshayapishanisha. Huwaambia wafunge daftari kwanza.

Hatua ya 1: Bana kiwiko. Kaa, kunja kiwiko nyuzi 90, kigusane na ubavu. Katikati weka kanga iliyokunjwa. Ikianguka, bega limeingilia. Usiiruke hatua hii. Nilipokuwa mgeni kazini nilimwambia mama mmoja aliyetoka kufunguliwa plasta, "Mama, hebu geuza mkono." Akageuza vizuri mno, nikaandika kwenye faili kwamba yuko sawa. Wiki iliyofuata akaniuliza, "Mwanangu, mbona chenji ya daladala bado inanimwagika?" Kumbe kilichokuwa kikigeuka ni bega. Kigasha chenyewe, yaani kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, kilikuwa kimekakamaa vilevile.

Hatua ya 2: Geuza, ndipo utaje. Kiganja kitazame juu, kama cha mtu anayepokea chenji. Hiyo ni supinesheni, kutoka neno la Kilatini *supinus*, aliyelala chali. Sasa kitazame chini, kama unavyofudikiza kikombe kilichooshwa: pronesheni, kutoka *pronus*, aliyeinamia mbele. Kwa hiyo una kiganja chali na kiganja kifudifudi, basi. Ndivyo tunavyosema hata kwa mgonjwa aliyelala kitandani, na Kilatini nacho hakikwenda mbali zaidi ya hapo.

Angalizo: "juu" na "chini" ni kwa kiwiko kilichokunjwa tu. Mkono ukining'inia, kiganja chali hutazama mbele, na hivyo ndivyo mtu anavyochorwa kwenye vitabu vya anatomia.

Hatua ya 3: Papasa mifupa. Kigasha kina mifupa miwili: radiasi upande wa dole gumba, alna upande wa kidole cha mwisho. Shika radiasi karibu na kifundo, kisha geuza kiganja kifudifudi. Umeihisi ikihama? Inapita juu ya alna, inakatiza kama herufi X. Ukirudisha kiganja chali, inalala sambamba tena. Kwa Kilatini *radius* ni pia spoku ya gurudumu, na *ulna* ni kiwiko.

Hatua ya 4: Pima. Shika penseli ndani ya ngumi, isimame wima, dole gumba juu. Hapo ni sifuri. Geuza kila upande. Mkono usio na tatizo hufika kama nyuzi 80 hadi 90. Kipimapembe cha shuleni kinatosha.

Hatua ya 5: Bisibisi. Kaza skrubu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika msuli wa mbele wa mkono wa juu, ule vijana wa gym wanaoupenda. Utauhisi ukivimba. Watu wanadhani kazi yake ni kukunja kiwiko tu, kumbe ni hodari sana wa supinesheni kiwiko kikiwa kimekunjwa.

(Wauza raba za kukimbilia nao husema pronesheni, hasa Kilimanjaro Marathon ikikaribia. Wao wanazungumzia unyayo unaolalia upande wa ndani. Maungio mengine kabisa, usiyachanganye.)

Siku hizi droo yangu ina sarafu tatu za shilingi 200. Zikitulia kwenye kiganja bila kuteleza, na kanga bado imebanwa, ndipo naandika kwenye faili.