Kupima bunduki mpya ya kiwandani: usidanganywe na risasi 3

Siku hizi bunduki nyingi za kiwandani zinakuja na ahadi, watengenezaji kama Tikka na Weatherby wanakuambia kabisa risasi 3 zitaingia ndani ya MOA moja (dakika moja ya pembe, yaani kipimo cha jinsi risasi zinavyoachana), na hapo ndio wengi wetu huku Nakuru na Kisumu tunaingizwa boksi, mtu anapiga 3, zinakaa pamoja, anatoa simu anapiga picha, basi imeisha hiyo. Bado hujapima kitu, bana.

MOA moja ni kama milimita 29 ukiwa mita 100, kwa mita 50 ni 14.5. Unapima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, yale mawili yaliyoachana zaidi. Sasa ukipiga chache ni rahisi ile risasi ya kuenda mbali isitokee. Kihesabu, bunduki ambayo kwa wastani inatoa MOA 1 kwa risasi 3, ukiipigisha 10 itatoa kama 1.6, na haijaharibika, ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kuisifu kwa risasi 3 ni kama kusifu injini ya lori wakati linateremka Timboroa.

Kabla ya kupiga, angalia skurubu za kitako na za maunti ya darubini (vile vishikio vinavyoifunga juu ya bunduki), zikaze kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, usikaze na hasira. Halafu chukua karatasi uipitishe kati ya mtutu na kitako, kama mtutu umeundwa kukaa huru na karatasi inakwama mahali, mbao inagusa, na mtutu ukishika joto risasi zitaanza kuhama.

Renji, uwanja wa kupigia shabaha, iwe yenye leseni, cheti chako cha bunduki kiwepo. Nenda asubuhi, Kisumu upepo wa ziwa huamka baadaye na ukishaamka hujui tena unapima bunduki ama hewa. Weka mfuko wa mchanga mbele na mwingine nyuma chini ya kitako, mkono ufanye kazi kidogo iwezekanavyo.

Risasi ndio kazi yenyewe. Kwa bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, nunua aina tatu nne hivi, pakiti mbili za kila moja, na uangalie namba ya loti (fungu lililotengenezwa pamoja) juu ya boksi kwa sababu jina moja loti mbili zinaweza kupiga tofauti kabisa. Anza na zile za shabaha zinazoenda chini ya mwendo wa sauti, Eley ama SK, hizo za kasi ziache za kuchezea makopo. Ukibadilisha aina piga kama kumi za kuzoesha mtutu, nta ya ile ya kwanza bado iko ndani, ndio uanze kuhesabu. Kisha piga makundi ya 10, machache kwa kila aina, uchukue wastani, na usitoe ile iliyotoroka ati ulipepesa jicho, labda kama ulisema kabla ya kuangalia shabaha.

Makundi yatakuambia mengi. Yakitanuka kwenda juu na chini mtutu ukipata joto, rudi kwa ile karatasi. Yakitanuka kando kando, upepo. Yakigawanyika mafungu mawili, mimi ningeshuku skurubu ama maunti kwanza, kabla ya kulaumu mtutu. Na mtu asikuambie ati hewa nyepesi ya Nakuru ndio imetawanya risasi, kwa mita 50 hicho ni kisingizio tu.

Inatosha ikifika wapi? Alama ya 10 kwa shabaha ya mita 50 ina upana wa milimita 10.4, na ukihesabu pointi nzima nzima, risasi ya .22 ikigusa tu mstari inahesabiwa 10, yaani unene wake unakuongezea nafasi. Kwa hivyo risasi 10 ndani ya milimita 15, kundi likikaa katikati kabisa, zote ni 10. Ikifika hapo acha kutafuta mtutu wa bei mbaya, hizo pesa nunua risasi za ile loti iliyoshinda, na ununue nyingi kabla haijaisha dukani.