Somo: Kusaka mashimo meusi mawili ndani ya galaksi moja, kutokea Mikindani

Wanakundi, somo hili niliahidi kabla ya msimu wa korosho, shamba likanizidi. Darubini huhitaji. Kompyuta na bando vinatosha.

Galaksi mbili zikigongana, kila moja huja na shimo lake jeusi, lenye uzito wa mamilioni ya majua au zaidi. Mvurugano husukuma gesi katikati, na gesi hiyo huwaka kabla ya kumezwa. Tunasaka jozi ambayo mashimo yote mawili yanakula kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1: Zoesha jicho. Fungua Aladin Lite, ramani ya anga ya mtandaoni, andika NGC 6240, jina la galaksi moja. Ule mchafuko ndio sura ya mgongano. Mwaka 2002, darubini ya eksirei ya Chandra ilionyesha humo mashimo mawili yanayokula, umbali kati yake takriban miaka ya nuru 3,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja).

Hatua ya 2: Ingia SkyServer, tovuti ya data ya SDSS (mradi wa kupima anga), tafuta galaksi zilizovurugika hivyo, chagua yenye spektra, yaani grafu ya mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi.

Hatua ya 3, na hapa tusikimbie. Tafuta mstari wa oksijeni wa angstromu 5007 (angstromu ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga); kwenye grafu huonekana kama kilele. Kwa galaksi ya mbali utakuwa umesogea upande wa wekundu. Nguvu yake ikizidi mara tatu ya H-beta, mstari wa hidrojeni ulio jirani, shuku kwamba shimo linakula. Sasa kuza mstari: una kilele kimoja au viwili? Mawingu mawili ya gesi yenye tofauti ya mwendo ya kilomita 300 kwa sekunde hutenganisha vilele kwa angstromu 5 hivi. Huenda ni mashimo mawili. Lakini shimo moja linalopuliza gesi pande mbili hutoa vilele vilevile, na diski ya gesi inayozunguka pia, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Mimi niliwahi kumwamsha mtu usiku wa manane kwa vilele viwili. Ulikuwa upepo wa gesi tu. Hajanisamehe.

Hatua ya 4: Kagua hifadhi ya picha za Chandra, ni bure. Eksirei hupenya vumbi, na Chandra hutenganisha vizuri vitu vilivyokaribiana. Unazijua karabai za wavuvi wa ghuba yetu: ngalawa mbili zikiwa mbali, utaapa ni taa moja; ndivyo darubini dhaifu inavyodanganyika.

MASWALI

Newala: Shikamoo mwalimu. Picha ikionyesha viini viwili si basi?
— Marahaba. Bado. Kimoja chaweza kuwa na shimo lililolala, au kikang'aa kwa nyota changa tu.

Nachingwea: Mashimo yenyewe yatakutana lini?
— Baada ya mamilioni ya miaka. Kuna jozi iliyokaribiana zaidi, 0402+379, iliyotenganishwa kwa darubini za redio: miaka ya nuru 24 hivi tu.

Lindi mjini: Kaka, nina vilele viwili tangu jana! Nitangaze?
— Tulia kwanza. Weka hapa majira ya galaksi hiyo (namba za mahali ilipo angani) na spektra yenyewe. Na tafadhali, si skrini iliyopigwa picha kwa simu. Ile ya juzi tulibishana nusu saa juu ya kilele, kumbe alama ya kidole.