Somo: Jua msimbo wa kitufe kabla hujapima muda wa mwitikio

Wakuu, somo hili ni kwa wanaoandaa majaribio ya muda wa mwitikio: kitu kinatokea kwenye skrini, mshiriki anabonyeza kitufe, kompyuta inaandika ni kitufe gani (kwa msimbo, yaani namba au jina inalokiita kitufe hicho) na baada ya milisekunde ngapi. Wengi tunahangaika na picha na maneno wiki nzima, tukifika kwenye vitufe tunaandika "f" na "j" basi.

Yalinikuta. Mshiriki kamaliza mizunguko 240 (mzunguko ni kitu kimoja kwenye skrini na jibu lake), nafungua faili nakuta "hakujibu" mwanzo mpaka mwisho. Kumbe Caps Lock ilikuwa imewaka. Programu yangu ilisubiri f ndogo, yenye msimbo 102, yeye akawa anatuma F kubwa, ambayo ni 70. Kidole kilikuwa palepale nilipomwelekeza. Kumwomba arudie ilikuwa aibu yangu, si yake.

Hatua ya 1. Elewa kwamba kitufe kimoja kina misimbo mingi. Chukua F: kibodi ya USB yenyewe hutuma 9, Linux inakiita 33, Windows 70. Kwenye kivinjari, event.code (mahali kitufe kilipo) inasema KeyF na event.key (herufi inayotoka) inasema f. Hakuna aliyekosea, kila mmoja ana orodha yake. Kwa hiyo usihamishe msimbo kutoka programu moja kwenda nyingine ukidhani utafanya kazi. Kama una uchaguzi, tumia msimbo unaofuata mahali kitufe kilipo, achana na unaofuata herufi. Wa herufi unayumbishwa na Caps Lock, na kompyuta ikiwekewa mpangilio wa Kifaransa, kitufe kilicho mahali pa Q kinatoa a.

Hatua ya 2. Andika kiprogramu kisicho na kazi nyingine ila kuonyesha kila msimbo unaoingia. Bonyeza vitufe utakavyotumia, na majirani zake pia. Jaribu 1 ya safu ya juu, halafu 1 ya pembeni kwenye namba: utapata Digit1, kisha Numpad1. Kwa mshiriki zote ni moja tu. Sasa zima Num Lock ubonyeze ile ya pembeni tena, event.key itakuletea End. Yaandike yote kwenye jedwali.

Hatua ya 3. Amua unapima kubonyeza au kuachia. Mara nyingi ni kubonyeza, ila kuna mtego. Mtu akishikilia kitufe, kompyuta hurudia msimbo uleule mfululizo. Rudio moja likiangukia mzunguko unaofuata, utaona mtu "kajibu" kwa milisekunde 12. Kwenye kivinjari, event.repeat ikiwa true, tupa. Mimi huwa sianzishi mzunguko mpya mpaka vitufe vyote viwe vimeachiwa.

Hatua ya 4. Hifadhi msimbo mbichi na muda wake, hata wa kitufe usichokitarajia. Sahihi au kosa utakokotoa baadaye. Ningefanya hivyo, ile mizunguko 240 ingepona.

MASWALI

*Mkuu, natumia kipanya. Kitufe cha kushoto ni 0 au 1? Nimeona kote kote.*

Zote sahihi. Kivinjari kinahesabu 0 kushoto, 1 katikati, 2 kulia. X11, mfumo wa madirisha wa Linux, inaanzia 1 kushoto. Angalia hiyo 1: huku ni kushoto, kule ni katikati. Rudi hatua ya 2.

*Kibodi ya kawaida inafaa, au lazima ninunue kifaa maalumu?*

Inategemea unatafuta tofauti kubwa kiasi gani. Kibodi nyingi za USB huulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde, kwa hiyo jibu linaweza kusubiri hadi milisekunde 8. Za wacheza gemu hufika mara 1000. Skrini ya 60 Hz (mara 60 kwa sekunde) nayo hubadilika kila milisekunde 16.7 hivi. Ukilinganisha hali mbili kwa mtu yuleyule, kwenye kompyuta ileile, na mizunguko ni mingi, mayumbo hayo hayakusumbui sana. Kosa ni kundi A kutumia kibodi moja na kundi B nyingine. Na tafadhali, usiripoti milisekunde 312.4837, vifaa hivi havipimi kwa undani huo.

*Isiyo na waya je?*

Kwa kazi hii, chomeka waya.

*Nina majibu ya milisekunde 60. Nifute?*

Kuona mwanga na kubonyeza huchukua takriban 200 au zaidi, ndiyo maana watafiti wengi hukata yaliyo chini ya 100. Lakini kabla hujafuta, tazama msimbo wa mzunguko uliotangulia. Ukiwa ni uleule, na mtu huyo ana majibu kadhaa ya aina hiyo yaliyofuatana, huyo hakubahatisha: alisahau kuinua kidole. Hapo kinachotengenezwa ni programu.