SOMO: Postdok (kazi ya mafunzo ya utafiti baada ya masomo ya udaktari) ya tiba mbadala Marekani kwa mwenye PhD ya huku nyumbani

Wakuu, naanza na kinachowaangusha wengi: uraia.

Hatua ya 1: Jua pesa ni ya nani. Mfadhili mkubwa wa fani hii kule ni NCCIH, kituo cha tiba mbadala cha NIH (taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya) kilichoanzishwa 1998. Nafasi za T32 (chuo hupewa fungu, kisha huchagua watu) na F32 (unaomba mwenyewe) ni za raia na wenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) tu. Kama huna, usikeshe ukijaza fomu. Tafuta profesa mwenye ruzuku yake ya utafiti akuajiri. Ukishafika, K99 (ruzuku ya NIH ya kumvusha postdok aanze utafiti wake mwenyewe) haiangalii uraia.

Hatua ya 2: Noa swali lako. Hapa ndipo penye kazi. "Nataka kutafiti miti shamba" si swali. Mwarobaini upi: majani, magome au mbegu? Sampuli imehifadhiwa herbaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) gani? Kinachowaumiza vichwa maprofesa hawa ni kundi la ulinganisho. Chukua akupancha (tiba ya Kichina ya kuchoma sindano): utamfanyia nini mgonjwa wa kundi la pili asijue kwamba hakutibiwa? Ipo sindano bandia ya ncha butu inayorudi ndani ya mpini wake. Mgonjwa anahisi kuchomwa, ngozi haitoboki. Haya, sasa tengeneza yoga bandia! Ukija na hata nusu ya jibu, barua yako itasomwa.

Hatua ya 3: Andika barua pepe fupi. Taja makala yake moja uliyoisoma kweli, swali lako, na kipimo unachokijua kwa mikono yako. Ambatisha CV. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi ni MD, sina PhD. Nimo?*
Umo. Ila uwe na machapisho. Miaka ya wodini peke yake haitakubeba.

*Nina green card. Eti T32 ni mkopo?*
Si mkopo wa pesa, ni deni la kazi. Miezi 12 ya kwanza ya postdok unailipa kwa kufanya utafiti au kufundisha, mwezi kwa mwezi. Mwaka wa pili wa mafunzo hayohayo unahesabika kama malipo, kwa hiyo anayekaa miaka 2 anaondoka hadaiwi.

*Shukrani kwa somo, kaka. Viza je?*
Mara nyingi utapewa J-1, viza ya wageni wa kubadilishana ujuzi. Kabla hujasaini, uliza kama sharti la kurudi nyumbani miaka 2 linakuhusu. Hilo hutegemea nani anakulipa, na kama fani yako imo kwenye orodha ya ujuzi ambao nchi yako inauhitaji. Jibu ulipate kwa maandishi.