Seva yenye prosesa mbili: angalia RAM inatumikaje kabla hujaagiza nyingine

Ikiwa ofisini kwako, Darajani au Chake Chake, kuna seva yenye prosesa mbili, na hifadhidata inakuwa nzito kila msimu wa wageni unapopamba moto, usikimbilie kuagiza RAM Dar es Salaam. Katika seva za aina hiyo kila prosesa ina RAM yake ya karibu. Mpangilio huu huitwa NUMA, na Linux huliita kila fungu nodi. Prosesa inaweza kusoma RAM ya mwenzake, ila inachelewa: ni kama mtu wa Wete kufuata chumvi Chake Chake ilhali duka lipo mlangoni pake.

Hatua ya 1. Andika `lscpu | grep -i numa`. Ukiona nodi moja tu, tatizo lako liko kwingine.

Hatua ya 2. Weka zana kwa `sudo apt install numactl`, kisha `numactl --hardware`. Utaona ukubwa wa kila nodi, nafasi iliyobaki, na jedwali la umbali. 10 ni RAM ya karibu; ya mbali mara nyingi huandikwa 20 au 21. Hivyo ni viwango vya kulinganisha tu, si muda halisi.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Andika `sudo numastat -p postgres`, au weka jina la programu ya hifadhidata yako. Mara nyingi nodi moja imejaa pomoni na ya pili ina nafasi tele. Sababu ni hii: programu ikiomba memori, kerneli (moyo wa Linux unaogawa memori) huipa anwani tu. Ukurasa wenyewe, yaani kipande cha memori, kwa kawaida cha KB 4, hutolewa pale unapoguswa mara ya kwanza, na hutoka kwenye nodi ya prosesa iliyougusa. Basi uzi mmoja (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) ukiandaa bafa nzima, yaani eneo la memori la kuwekea data, wakati wa kuwaka, bafa yote hurundikana upande mmoja, na nyuzi za upande wa pili zitasoma kwa mbali siku nzima.

Hatua ya 4. Programu ndogo inayoenea ndani ya nodi moja, iwashe kwa `numactl --cpunodebind=0 --preferred=0` ikifuatiwa na amri ya programu yenyewe. Nakusihi usitumie `--membind` kwa mazoea: nodi hiyo ikijaa, programu itaswopu (memori yake kuhamishiwa diski) au kuuawa na kerneli, ingawa nodi ya pili iko tupu.

Hifadhidata kubwa itandaze pande zote. Andika `sudo systemctl edit` na jina la huduma, chini ya `[Service]` weka `NUMAPolicy=interleave` na `NUMAMask=0-1`. Iwashe upya usiku, watu wa mapokezi wakishafunga hesabu, halafu rudia hatua ya 3. Mafungu mawili yanapaswa kukaribiana.

Hatua ya 5. Hakikisha `cat /proc/sys/vm/zone_reclaim_mode` inatoa 0. Ikitoa 1, kerneli huhangaika kufuta kurasa za nodi iliyojaa kabla ya kuazima kwa jirani. Kwa hifadhidata hilo ni balaa.

Karibu nayo kuna `/proc/sys/kernel/numa_balancing`. Ikiwa 1, kerneli yenyewe huhamisha kurasa kuzifuata nyuzi zinazozitumia. Kuhamisha kuna gharama: kila kiini cha prosesa kinachotumia ukurasa huo lazima kiarifiwe kifute anwani ya zamani. Mimi huiacha 1, na huizima kwa hifadhidata iliyokwisha kutandazwa tu, baada ya kupima kasi kabla na baada.