Somo: Kupima sauti ya iafoni (spika ndogo za masikioni) kwa muziki tunaoujua, kuanzia ngoma za vinganga mpaka singeli

Habari zenu ndugu. Niko Mtwara mjini, kazi yangu ni ufundi simu, na swali ninaloulizwa kila wiki mezani kwangu ni hili: "Fundi, iafoni gani ina sauti nzuri?" Siwezi kulijibu kwa neno moja. Iafoni inayompendeza mtu wa singeli inaweza kumchosha mtu wa taarab kabla wimbo mmoja haujaisha. Sasa msimu wa korosho umefika, hela zinaingia, watu wananunua. Nimeona niandike namna ninavyopima mwenyewe, kisha nijibu maswali.

Nilijifunza kwa hasara. Miaka kadhaa nyuma nilinunua iafoni Kariakoo. Muuzaji aliweka wimbo wake, akafungulia sauti mpaka juu, besi ikagonga hadi kwenye taya, nikalipa. Kesho yake nikiwa kwenye basi la kurudi Mtwara nikaweka kwaya. Sauti za akina mama zilitoka kama watu wanaimba ndani ya pipa lililofunikwa blanketi. Tulipovuka Daraja la Mkapa nilikuwa bado najipa moyo kwamba masikio yatazoea. Tulipofika Nangurukuru nilizivua, nikaziweka begini, na sikuzivaa tena.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Kelele za barabarani, za jenereta na za watu wengi zina mvumo mzito wa chini, na mvumo huo unaimeza besi ya iafoni. Ukipima mahali kama pale, iafoni yenye besi ya kupitiliza itakuonekea iko sawa, na iliyo sawa itakuonekea imepooza. Ukifika nyumbani usiku, kumetulia, ukweli unajitokeza.

Kwa hiyo msingi wa somo langu ni huu: pima kwa sauti ulizowahi kuzisikia bila spika yoyote. Sisi watu wa Mtwara na Lindi tumejaliwa katika hilo. Wengi tumekua tukisikia ngoma za jando na unyago, tumesimama pembeni ya sindimba, tumesikia dufu kwenye maulidi kule Mikindani na kwaya inayoimba kanisani bila maiki. Sauti hizo ziko kichwani, na ndizo rula yako. Wimbo ambao umeusikia kwenye spika tu hauwezi kukuambia ngoma ya kweli inaliaje.

Hatua ya kwanza: vipira vikae sawasawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya iafoni ninazoletewa kama "mbovu" hazina ubovu wowote. Iafoni ya kuchomeka inategemea kuziba tundu la sikio kwa vile vipira laini vya nchani. Pakibaki upenyo mdogo tu, besi inavuja na muziki unabaki mwembamba kama redio ya zamani iliyoisha betri.

Kwenye boksi huwa kuna vipira vya saizi tatu. Watu wengi hubaki na vile vya katikati vilivyokuja vimevalishwa na vingine wanavitupa. Jaribu vyote. Masikio yako mawili yanaweza kuhitaji saizi tofauti, hilo ni jambo la kawaida. Namna ya kuvaa: pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza iafoni, kisha achia. Sasa ongea. Ukisikia sauti yako inavuma kichwani kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole, umeziba vizuri. Usipime chochote kabla ya hapo.

Hatua ya pili: simu na faili

Zima ikwalaiza (kile kirekebishi cha besi na sauti za juu) na vikolezo vyote vya sauti kwenye simu. Tumia faili nzuri, mp3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, au angalau 192. Faili iliyobanwa mpaka 64 utaitambua kwenye matoazi: badala ya kulia, yanachakacha kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Ukipima kwa faili hiyo utailaumu iafoni kwa kosa lisilo lake.

Hatua ya tatu: usikubali kudanganywa na ukubwa wa sauti

Ukilinganisha iafoni mbili, ile inayolia kwa nguvu kidogo zaidi itakuonekea bora, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba hujui kuwa ipo. Sikio la kila mtu liko hivyo. Basi chagua sehemu moja ya wimbo yenye sauti ya mtu peke yake, na kila unapobadilisha iafoni rekebisha mpaka mwimbaji awe na nguvu ileile. Ukishafanya hivyo ndipo uhukumu.

Hatua ya nne: anza na binadamu

Kabla ya besi, kabla ya gitaa, sikiliza mtu anaimba. Sikio letu linasikia kwa wepesi zaidi karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, na hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya ukali wa sauti ya mtu. Iafoni ikizidisha hapo, mwimbaji anakupigia kelele. Ikipunguza mno, anarudi nyuma ya pazia.

Halafu angalia herufi zetu: s, z, sh, ch. Kiswahili kinazo kwa wingi, na mitetemo ya "s" inakaa juu zaidi, kama 5,000 hadi 8,000. Chagua ubeti wenye s nyingi. Kila "s" ikikuchoma sikioni kama sindano, jua iafoni hiyo itakuchosha ndani ya nusu saa. "S" ikisikika kama mwimbaji ana ulimi mzito, basi juu kumekatwa.

Hatua ya tano: pita kwenye aina za muziki

Taarab asilia ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, na mimi huanza nayo. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kila noti kwa kawaida hupigwa na nyuzi tatu zilizolinganishwa. Kwenye iafoni nzuri unasikia ule mng'ao wa nyuzi tatu zikilia pamoja, na kipigio kinachovaliwa kidoleni kikigusa uzi. Kwenye mbaya unasikia "ting" moja kavu. Fidla nazo: zikiwa nne au tano zinapiga sauti moja, unapaswa kujua ni kundi, isiwe uzi mmoja mnene. Kisha udi, ambao ni wa mbao, na mbao hiyo uisikie. Neno moja la tahadhari: rekodi za Siti binti Saad zilizofanyika Bombay mwaka 1928 ni hazina yetu sote, lakini usizitumie kama kipimo. Santuri za zama zile hazikunasa besi ya chini kabisa wala ncha ya juu, kwa hiyo iafoni zote zitafanana.

Dansi nalipenda kwa jambo moja, mpangilio wa magitaa. Kuna solo, kuna ridhimu, mara nyingi kuna gitaa la tatu katikati, na besi chini. Wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezea ambapo magitaa yanachangamka, mfuate mpiga ridhimu peke yake mpaka mwisho. Ukimpoteza kila besi inapoingia, iafoni hiyo imejaa mno chini. Sauti nzito ina tabia ya kuifunika sauti iliyo juu yake, na wala haifunikwi kirahisi na nyembamba. Hicho ndicho kilichowameza wale akina mama wangu wa kwaya. Nyimbo za zamani zilizorekodiwa kwa mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, zina faida nyingine: mwimbaji lazima akae katikati kabisa ya kichwa. Akielemea upande mmoja, pande mbili za iafoni hazilingani.

Ngoma. Kama una rekodi nzuri ya sindimba, sikiliza vinganga. Ni ngoma ndogo, zinapigwa kwa fimbo nyembamba, na mlio wake unaanza ghafla na kukatika ghafla. Hapa huangalii wingi wa besi, unaangalia kukatika. Iafoni yenye besi nzito inaacha mkia kila pigo, mapigo yanashikana, na mkono wa mpigaji unaupoteza. Aliyewahi kusimama karibu na vinganga hahitaji kuambiwa zaidi.

Singeli inapima jambo hilohilo kwa mashine. Mapigo yanafika 200 kwa dakika na zaidi, yaani zaidi ya matatu kwa sekunde. Ukisikia mngurumo mmoja usio na mapengo, iafoni imeshindwa mbio. Bongo Fleva ni rahisi zaidi kwa iafoni nyingi, maana nyimbo nyingi hutengenezwa zikijua zitachezwa kwenye simu, kwa hiyo nyimbo hizo ziwe za mwisho kwenye upimaji wako. Cha kuangalia ni besi ya kinanda: je, ina noti, inapanda na kushuka, au ni "dum" ileile wimbo mzima? Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi una mitetemo 41 kwa sekunde. Iafoni nyingi za bei ndogo haziutoi huo vizuri, zinapandisha kitu cha juu yake ili ujione una besi.

Kwaya nimeigusa tayari. Hesabu sauti nne. Ukizipata zote bila kujikaza, hapo una chombo.

Hatua ya sita: kaa nayo

Sikiliza saa nzima, nyumbani, kwa sauti ya chini. Ukijikuta unataka kuzivua, zirudishe kama muuzaji anakubali.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Masasi:* Fundi, iafoni zangu zinatoa vyombo vyote lakini mwimbaji hayupo. Anasikika kwa mbali kama yuko kisimani. Nini hiki?

Ndugu yangu, pini haijaingia mpaka mwisho, au waya wa kurudishia umekatika. Iafoni ina waya wa kushoto, wa kulia, na mmoja wa kurudishia unaotumiwa na pande zote mbili. Huo ukikosekana, unasikia tofauti kati ya kushoto na kulia tu. Mwimbaji yuko sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta. Safisha tundu la simu, maana vumbi la mfukoni hujikandamiza mle ndani, kisha sukuma pini mpaka iseme "tak". Ikibaki vilevile, mpelekee fundi aangalie waya pale karibu na pini.

*Kutoka Newala:* Kaka, upande wa kushoto umefifia. Ni sikio langu au ni iafoni?

Zibadilishe: ya kushoto ivae kulia, na ya kulia kushoto. Ufifiaji ukihamia kulia, tatizo ni iafoni. Ukibaki kushoto, ni sikio, nenda kituo cha afya wakuangalie. Ikiwa ni iafoni, mara nyingi ni nta iliyoziba kichujio. Toa kipira, geuza tundu litazame chini, sugua taratibu kwa mswaki mkavu laini. Usichome kwa sindano, utakisukuma kichujio ndani.

*Kutoka Kilwa Masoko:* Za waya na za Bluetooth, zipi zina sauti bora kwa bei moja?

Kwa hela ndogo, za waya, kwa sababu hela yako yote inaingia kwenye spika. Za Bluetooth umelipia pia betri, chipu na boksi la kuchajia. Wauzaji watakutajia kodeki, yaani njia za kubana sauti ili ipite hewani, kama LDAC na nyinginezo, lakini mimi nimesikia spika nzuri kwenye kodeki ya kawaida, SBC, ikiishinda spika mbaya kwenye kodeki kubwa. Spika na vipira kwanza.

*Kutoka Tandahimba:* Ni kweli iafoni mpya lazima ipigwe saa hamsini ndiyo ifunguke?

Kinachobadilika zaidi ni masikio yako kuizoea, na vipira kukaa vizuri. Kama haikupendezi baada ya siku mbili, usisubiri saa hamsini, maana muda wa kurudisha utakuwa umepita.

*Kutoka Lindi mjini:* Shikamoo kaka. Mwanangu ana miaka 13, analala na iafoni masikioni. Nimwekee kiwango gani?

Marahaba dada. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unapungua nusu: kwa mtu mzima 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Kwenye mipangilio ya sauti ya simu nyingi kuna sehemu ya kuweka ukomo, uweke na uufunge kwa namba ya siri. Na vipira vinavyoziba vizuri vitamsaidia, kwa sababu kelele za nje zikizuiwa hana haja ya kuongeza sauti. Usiku azivue.

*Kutoka Ndanda:* Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nikisikiliza rekodi zetu, sauti ya nne siipati kabisa, wanaume wanapotea. Ninunue iafoni yenye besi kubwa?

Mwalimu, hapana, bado. Sauti ya nne ikishuka chini sana inafika kama mitetemo 80, na iafoni ya kawaida inaweza kuitoa bila shida. Weka rekodi, kisha bonyeza iafoni zote mbili taratibu kwa vidole kuelekea ndani ya sikio. Wanaume wakirudi, vipira vyako ni vidogo, chukua saizi inayofuata. Wasiporudi, sikiliza rekodi hiyohiyo kwenye spika ya kanisa. Kama hata huko hawapo, maiki iliwekwa mbali nao, na Jumapili ijayo wasogeze mbele.